Mabomu ya 1998: Kwa nini ushahidi wa FBI ulisimama kortini na wa CIA ukaanguka?

Novemba 2010, jopo la wananchi 12 mjini New York lilimsafisha Mzanzibari Ahmed Khalfan Ghailani dhidi ya mashtaka 284. Yalikuwa 285. Kosa moja tu ndilo lililomnasa, la kula njama ya kuharibu majengo na mali ya Marekani.

Sasa linganisha na mwaka 2001. Mji uleule, tukio lilelile la mabomu ya Nairobi na Dar es Salaam. Watu wanne walisomewa jumla ya makosa 302, na jopo likawatia hatiani kwa yote. Yote kabisa.

Nini kilibadilika katikati? Jibu fupi ni kwamba kundi la kwanza lilishughulikiwa na polisi, ila Ghailani alipita kwanza mikononi mwa majasusi.

Wageni wasio na pingu

Agosti 7, 1998, karibu saa nne na nusu asubuhi, lori lililosheheni vilipuzi lililipuka nyuma ya ubalozi wa Marekani jijini Nairobi. Dakika chache baadaye likalipuka la Dar es Salaam. Watu 213 walikufa Nairobi na 11 Dar. Kati ya hao 224, Wamarekani walikuwa 12. Wengi wa waliokufa Nairobi walikuwa nje ya ubalozi, hasa kwenye jengo la jirani la Ufundi House lililoporomoka lote.

FBI ilimwaga maofisa zaidi ya 900 katika uchunguzi huo, ndani ya Afrika Mashariki na kwingineko. Hiyo ni polisi ya serikali ya shirikisho, na kazi yake ni makosa yanayogusa sheria za Marekani yote, si za jimbo moja. Ubalozi wa Marekani umelipuliwa na Wamarekani wameuawa, basi sheria yao inawapa nguvu ya kufungua kesi hata kama damu imemwagika Nairobi.

Lakini kufungua kesi ni kitu kimoja, kumkamata mtu ni kingine. Ofisa wa FBI akitua JKIA hana mamlaka ya kumfunga mtu yeyote pingu. Anayekamata ni polisi wa Kenya au wa Tanzania. Mgeni anaomba, anakaa pembeni, anauliza maswali akiruhusiwa. Watu wengi hudhani ni kinyume chake, pengine kwa sababu ya filamu.

Mtu wa Eastleigh

Aliyepanda lori la Nairobi na kutoka hai ni Mohamed al-Owhali, raia wa Saudi Arabia. Aliruka kabla ya mlipuko, akaumia, akaenda kutibiwa hospitali kama majeruhi wengine. Huko aliacha risasi na funguo, zikaja kuokotwa. Polisi wa Kenya walimkamata siku chache baadaye Eastleigh, baada ya kupewa taarifa na raia.

Yaani mlango wa kesi nzima ulifunguliwa na Wakenya. Jambo hili husahaulika haraka sana.

FBI walimhoji Nairobi, polisi wa Kenya wakiwepo. Kabla ya maswali alisomewa karatasi inayoeleza haki zake, kwamba anaweza kunyamaza na kwamba atakachosema kinaweza kutumika dhidi yake. Mwishowe alikiri, akasema anataka ashtakiwe Marekani kwa sababu hao ndio adui zake, si Kenya.

Kortini mawakili wake walipambana maungamo hayo yatupwe. Jaji Leonard Sand alikubaliana nao kwenye hoja moja nzito: hata mgeni anayehojiwa na maofisa wa Marekani nje ya Marekani ana kinga ya kutolazimishwa kujishtaki. Hata hivyo maungamo yalipita, maana maofisa walikuwa wameuheshimu utaratibu kwa kiasi cha kutosha. Karatasi ile iliyoonekana kama usumbufu ndiyo iliyookoa kesi.

Ghailani alipita njia nyingine

Ghailani alikamatwa Pakistan Julai 2004. Badala ya kupelekwa mahakamani alifichwa kwenye magereza ya siri ya CIA, kisha 2006 akapelekwa Guantánamo. New York alifika 2009, miaka mitano baada ya kukamatwa.

Waendesha mashtaka walikuwa na shahidi wao mkuu, Mtanzania waliyedai ndiye aliyemuuzia Ghailani vilipuzi. Jaji Lewis Kaplan akamzuia asipande kizimbani. Sababu? Jina la shahidi huyo lilipatikana kutokana na mahojiano ya CIA yaliyofanywa kwa kumshurutisha Ghailani. Mti ukiwa na sumu, tunda nalo haliliwi.

Ni kweli, kosa moja lilitosha kumpa kifungo cha maisha Januari 2011. Wapo wanaosema basi hakuna kilichoharibika. Hoja hiyo haina miguu. Serikali yenye nguvu vile ilishindwa kumtia hatiani kwa kifo cha hata mtu mmoja kati ya wale 224, na hilo si dogo kwa aliyefiwa.

FBI nao si malaika

Agosti 1997, mwaka mzima kabla ya mabomu, maofisa wa FBI na polisi wa Kenya walipekua nyumba ya Wadih el-Hage jijini Nairobi. Kompyuta ilichukuliwa. Ndani yake kulikuwa na barua iliyozungumzia kundi la Afrika Mashariki na hofu ya usalama wake. Mtandao haukuvunjwa.

Kisha kuna Khalfan Khamis Mohamed, Mzanzibari aliyekamatwa Cape Town 1999 na kukabidhiwa FBI chapuchapu. Mei 2001 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua makabidhiano hayo hayakuwa halali, kwa kuwa serikali haikudai ahadi kwamba hatanyongwa. Jopo la New York halikuafikiana juu ya adhabu ya kifo, akafungwa maisha.

Na sisi huku?

Mahakama za nyumbani zilijaribu pia. Mwaka 2004 mahakama ya Dar es Salaam ilimwachia huru Mtanzania aliyeshtakiwa kwa mlipuko wa 1998. Mwaka uliofuata washtakiwa wa shambulio la Kikambala la 2002 nao wakaachiwa Nairobi. Ushahidi haukutosha. Ndiyo maana baada ya shambulio la DusitD2 la Januari 2019, Kenya na FBI walikubaliana kuunda kikosi cha pamoja cha ugaidi jijini Nairobi, na makachero wa DCI wakapelekwa mafunzo Quantico.

Kikosi hicho kinaweza kusaidia kupata hukumu. Fidia ni habari nyingine. Dola milioni 335 ambazo Sudan ilikubali kulipa zilikwenda hasa kwa Wamarekani na waliokuwa wafanyakazi wa balozi. Mkenya aliyekuwa akipita tu barabara ya Haile Selassie asubuhi ile hakuwemo kwenye hesabu, na Seneti ya Kenya imelazimika kuunda kamati maalumu kusikiliza malalamiko ya watu kama yeye.