Kura kwa Waliovaa Gwanda Tu? Riwaya za Vita vya Anga za Mbali na Swali Linalotuhusu

Muhula uliopita, katika semina ya nadharia za siasa, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili alisimama akatoa hoja iliyolinyamazisha darasa. "Mwalimu," alisema, "kura ingekuwa ya wale tu waliopita jeshini au JKT, tungepata viongozi bora. Mtu ambaye hajawahi kutoka jasho kwa ajili ya wenzake huchagua kwa tumbo." Wenzake kadhaa walipiga makofi. Nilipomuuliza wazo hilo amelitoa wapi, alijibu bila kusita: katika filamu iitwayo Starship Troopers.

Filamu hiyo ya mwaka 1997 iliongozwa na Paul Verhoeven, ambaye utoto wake ulipita Uholanzi wakati nchi hiyo ikikaliwa na majeshi ya Wanazi. Aliikusudia iwe dhihaka. Sare za maofisa wake zinakumbusha sare za Wanazi, na matangazo ya serikali yanayokatiza hadithi yanachekesha kwa namna ya kutisha. Mwanafunzi wangu aliichukua dhihaka kuwa fundisho. Hata hivyo, sikuweza kumlaumu sana, kwa sababu riwaya iliyozaa filamu hiyo haikuwa dhihaka hata kidogo. Mwandishi wake aliamini alichokiandika.

Wasomi wengi wa fasihi huziona riwaya za kisayansi za vita, yaani zile zenye vikosi, vyeo, amri na mapigano katika sayari za mbali, kuwa burudani ya vijana. Mimi ninaziona kuwa vitabu vya siasa vilivyovaa kofia ya chuma. Silaha zake ni pambo. Kiini chake ni swali la kale kuliko dola yoyote iliyopo leo: nani ana haki ya kuamua kwamba wengine waende kufa?

Utanzu huu ulizaliwa ukiwa na siasa mdomoni. Mwaka 1871, miezi michache baada ya Prussia kuishinda Ufaransa, afisa mhandisi wa jeshi la Uingereza, George Chesney, alichapisha katika Blackwood's Magazine hadithi iliyoitwa The Battle of Dorking. Mzee mmoja anawasimulia wajukuu zake jinsi Uingereza ilivyovamiwa na kushindwa kwa kuwa ililipuuza jeshi lake. Hadithi ilisomwa na watu wengi mno, na mwaka huohuo Waziri Mkuu Gladstone alilazimika kusimama hadharani na kuwaonya wananchi dhidi ya hofu iliyokuwa ikienezwa. Tangu hapo waandishi walijua, na majenerali walijua, kwamba vita ambavyo havijapiganwa vinaweza kuathiri bajeti ya serikali iliyopo madarakani.

Robert Heinlein alikuwa mrithi mkubwa wa somo hilo nchini Marekani. Alihitimu Chuo cha Jeshi la Wanamaji cha Annapolis mwaka 1929, kisha akastaafishwa mwaka 1934 kwa sababu ya kifua kikuu, kabla ya kuingia katika pigano lolote. Mwaka 1958, kulipozuka wito wa kusitisha majaribio ya silaha za nyuklia, alilipia tangazo gazetini kuupinga. Wito ule ulipozidi kupata wafuasi, aliiweka kando riwaya aliyokuwa akiiandika, akaandika Starship Troopers. Ilitoka mwaka 1959, na mwaka uliofuata ikapata Tuzo ya Hugo.

Katika jamii ya riwaya hiyo, kila mtu analindwa na sheria, lakini kura na uongozi ni vya wale tu waliojitolea kulitumikia taifa na kumaliza muda wao. Adui ni viumbe mfano wa wadudu ambao hakuna anayefikiria kuketi nao mezani. Lazima nimtendee haki mwandishi huyu. Milango ya utumishi wake haimbagui mtu kwa rangi, na karibu na mwisho wa kitabu msomaji anagundua kwamba lugha ya nyumbani ya shujaa wake ni Kitagalog cha Ufilipino. Kwa Marekani ya 1959, huo ulikuwa ujasiri. Hoja yake nayo ina mvuto: aliyekubali kuhatarisha uhai wake kwa ajili ya jumuiya amethibitisha kwamba anaiweka mbele ya nafsi yake, basi apewe usukani.

Kwa nini nisiikubali? Kwa sababu sisi tumewahi kuishi chini ya kura ya masharti. Wakati kitabu hicho kikiandikwa, Tanganyika ilikuwa katika uchaguzi wa kura tatu wa 1958 na 1959. Mpiga kura alipimwa kwa elimu, kipato au wadhifa, na alipaswa kumchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia kwa pamoja. Ilibidi TANU ikutane Tabora Januari 1958 na kubishana vikali kabla ya kukubali kushiriki, uamuzi ambao tunauita hadi leo Uamuzi wa Busara. Kenya nako, mwaka 1957, Waafrika walipowachagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza, mtu mmoja aliweza kuwa na kura hadi tatu kulingana na vigezo alivyotimiza, na wengi hawakuwa nayo hata moja.

Tukumbuke pia askari wa King's African Rifles waliopigana na Wajapani kule Burma katika Vita vya Pili vya Dunia. Walirudi na medali vifuani, wakakuta nchi ambazo hazikuwapa kura. Kama utumishi ungekuwa ndiyo hoja, wao wangekuwa wa kwanza kupewa. Historia inatufundisha jambo ambalo Heinlein hakulipa uzito: sharti la uraia hupimwa na yule aliyeliweka, na mizani hiyo hukaa mkononi mwake siku zote. Leo atasema gwanda, kesho atasema shahada, keshokutwa atasema risiti ya kodi.

Mwanafunzi wangu alitaja JKT, na hapo inafaa tusimame kidogo. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa mwaka 1963. Oktoba 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana Dar es Salaam kupinga utumishi wa lazima, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao zaidi ya 300. Tunaweza kubishana kuhusu ukali wa adhabu ile, na mimi mwenyewe huwaruhusu wanafunzi wangu wabishane. Lakini angalieni mantiki yake. Utumishi ulidaiwa kwa msomi kama deni kwa mkulima aliyemsomesha kwa jasho lake, na mkulima huyo hakutakiwa kwanza avae gwanda ndipo ahesabiwe kuwa raia. Heinlein ameugeuza mlango huo. Kwake utumishi unakuwa ngazi ya kupandia juu ya wenzako.

Jibu kali zaidi kwa Heinlein lilitoka kwa mtu aliyekwenda vitani kweli. Joe Haldeman alikuwa na shahada ya fizikia alipoitwa jeshini kwa lazima, akapelekwa Vietnam, akajeruhiwa mwaka 1968. Riwaya yake The Forever War ilitoka mwaka 1974 na kupata tuzo za Nebula na Hugo. Askari wake, Mandella, anasafirishwa kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga, na kwa mujibu wa fizikia ya Einstein muda wake unapita polepole kuliko wa waliobaki. Miezi yake michache ni miaka mingi duniani, na baadaye ni karne. Kila akirudi anazidi kuwa mgeni. Inafika mahali askari walio chini yake wanalazimika kujifunza Kiingereza cha zama zake ili waelewe amri zake. Vita vinadumu zaidi ya miaka elfu moja, na mwishowe inabainika kwamba vilianza kwa kutoelewana. Adui hakuwahi kuulizwa.

Isije ikadhaniwa kwamba kila aliyeonja vita huandika kama Haldeman. Jerry Pournelle alihudumu katika jeshi la Marekani wakati wa vita vya Korea, na bado katika miaka ya 1980 aliongoza kundi la waandishi na wataalamu walioipigia debe ngao ya kuzuia makombora kutoka angani, mpango ambao Rais Reagan aliutangaza Machi 1983. Mwaka 1968 jarida la Galaxy lilichapisha matangazo mawili yaliyolipiwa na waandishi wenyewe. Moja liliunga mkono Marekani kubaki Vietnam, likiwa na majina kama Heinlein, Poul Anderson na Larry Niven. Jingine lilipinga, likiwa na Isaac Asimov, Ray Bradbury na Ursula Le Guin. Waandishi hao hawakujificha nyuma ya roketi zao. Walijua wanachokiandika ni siasa, wakatia saini.

Majeshi nayo yanajua. Starship Troopers na Ender's Game ya Orson Scott Card vimewahi kuwamo katika orodha ya vitabu ambavyo Kikosi cha Wanamaji cha Marekani huwahimiza askari wake kuvisoma. Riwaya hiyo ya Card, ya mwaka 1985, inahusu mtoto mwenye kipaji anayeamini kwamba yuko katika mazoezi ya mchezo, kumbe amri zake zimekiangamiza kizazi kizima cha viumbe wengine. Katika zama ambazo rubani wa droni anaweza kuketi Nevada na kuua Afghanistan kupitia kioo, huo si utabiri wa mbali. Ufaransa nayo, mwaka 2019, ilitangaza kuunda timu ya waandishi wa hadithi za kisayansi ili wawabunie wakuu wa jeshi vitisho vya miongo ijayo. Serikali hailipii ndoto isiyokuwa na faida.

Ndiyo maana nawaomba wanafunzi, wanaharakati na ninyi watumishi wa umma mnaoandika mikakati ya miaka ishirini ijayo, msiziache riwaya hizi kwa watoto. Zisomeni mbilimbili, mmoja akijibu mwingine. Na kila mnapokutana na hadithi ya vita vijavyo, iwe katika riwaya, katika filamu au katika hotuba ya bajeti, iulizeni mambo matatu: nani anaamua, nani anakufa, na je, anayeitwa adui amepewa nafasi ya kusema? Hadithi inayokataa maswali hayo inataka saini yako kabla hujausoma mkataba.

Mwanafunzi wangu sikumkemea. Nilimwazima nakala yangu ya The Forever War. Baada ya wiki tatu alikuja ofisini, akaiweka mezani, akakaa kimya kwa muda. Kisha akasema: "Mwalimu, huyu Mandella ametumikia kuliko wote. Mbona hakuna siku hata moja alipoulizwa kama vita viendelee?"

Nimempangia aongoze semina ijayo kwa swali hilohilo.