NYAYO ZA MCHEZAJI NAZO ZIFUNZWE

Tamasha za muziki zikikaribia, shule za hapa Kitale huwa ni ngoma tu. Wachezaji hufunzwa wimbo, hupimwa sketi za makonge, na mabega hutikiswa mpaka kamabeka ya Wabukusu ikaiva sawasawa. Lakini je, nani huwafunza kuimarisha nyayo? Hakuna! Kwa maoni yangu, hilo ni pengo kubwa, na ndilo linalotuletea wachezaji wa kuchechemea siku ya mashindano.

Wengine husema ati mazoezi ya nyayo ni ya baleti, ile densi ya kusimama juu ya ncha za vidole, na kwamba hayo ni mambo ya Wazungu. Hebu tusidanganyane. Joel Kioko, kijana wa mtaa wa Kuwinda jijini Nairobi, alijifunza baleti hapa hapa Kenya hadi akaenda kusomea English National Ballet School, London, mwaka wa 2017. Huko Kibera nako, Mike Wamaya aliwafunza watoto baleti darasani, madawati yakiwa yamesogezwa kando.

Isitoshe, mguu ni mguu. Wayo mmoja una mifupa 26 na viungo zaidi ya 30, na vyote hushikiliwa na kano na misuli midogo midogo. Ukiruka na kutua, hiyo ndiyo hupokea uzito wako. Ikiwa dhaifu au imekakamaa, kishindo huhamia kwenye kifundo na goti.

Dawa yake haina gharama. Kwanza tembea upesi ili mwili upate joto. Halafu shika ukuta, inuka polepole kwa vidole, ushuke polepole vilevile. Ukizoea, fanya kwa mguu mmoja. Tandaza kitambaa sakafuni ukikunje kwa vidole vya miguu. Mwisho, viringisha chupa ya plastiki iliyojaa maji chini ya wayo, kisha nyoosha misuli ya nyuma ya mguu, kisigino kikiwa chini.

Mtaniuliza, wakati utatoka wapi? Kweli, sisi wa kutwa tuna haraka ya kurudi Kibomet kabla ya giza. Lakini dakika kumi kabla ya ngoma kulia zinatosha, na mengine mtu atafanya nyumbani akingoja ugali uive.

Hata hivyo, kuna onyo. Samaki mkunje angali mbichi, lakini kumkunja si kumvunja. Usikubali mwenzako akukalie wayo ati ulainike. Mifupa yetu bado inakua, na maumivu makali maana yake ni simama. Shida ni kwamba wengi huogopa kusema, wasije wakaitwa wavivu na nafasi yao ikapewa mwingine. Namjua msichana mmoja aliyecheza na kifundo kilichovimba kwa sababu hiyo. Tamasha liliisha siku moja, yeye akakaa nyumbani wiki tatu, masomo yakimpita.

Kwa hivyo nawaomba walimu wetu, mchezaji akisema mguu unauma, asikizwe kwanza. Nasi wachezaji tuanze mazoezi mapema, tusingoje wiki ya mashindano. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kombe ni zuri, lakini haliwezi kumbeba mtu hadi nyumbani.