Mheshimiwa akija na fulana, uliza nani hayuko mkutanini

Uchaguzi mkuu ni Agosti 10, 2027, na mtaani dalili huanza mapema. Utaona ligi ya mpira ikipata kombe lenye jina la mtu. Utaona mtaro ukizibuliwa Jumamosi asubuhi, kamera mbele, jembe nyuma. Zitakuja fulana, kofia na tangi la maji lenye picha. Kisha hotuba, na ndani yake maneno matatu ambayo hayakosi: jamii, ujumuishaji, turathi. Utaambiwa mtaa ni wetu sote, hakuna atakayeachwa nyuma, na tusisahau tulikotoka.

Hatuna ubaya na maneno hayo. Lakini wewe kijana wa Njiru, Chokaa, Mwiki au Ruai, unayekanyaga matope mvua ikinyesha na kumeza vumbi ikikatika, una haki ya kuuliza yana uzito gani. Na kipimo cha kuyapimia hakihitaji kutolewa ng'ambo. Eastlands ilishakuwa nacho zaidi ya miaka 60 iliyopita.

Turudi 1961. Kenya bado ni koloni, na kiti cha Nairobi Mashariki kinapiganiwa. Upande mmoja yuko Tom Mboya, miaka 30, katibu mkuu wa Kanu na kiongozi wa vyama vya wafanyakazi. Upande wa pili yuko Dkt Munyua Waiyaki, daktari msomi wa ukoo wa Waiyaki wa Hinga, yule shujaa aliyepinga Waingereza. Wapiga kura wengi ni Wakikuyu. Mboya ni Mluo. Kwa zile hesabu za kabila zinazosambazwa WhatsApp kila msimu wa kura, kijana huyu alikuwa ameisha kabla hajaanza.

Mboya alipata zaidi ya kura 30,000. Mpinzani wake hakufikisha 3,000.

Hiyo haikuwa bahati. Ukitaka kujua ilivyowezekana, usiangalie mikutano ya 1961. Angalia miaka kumi iliyotangulia.

Mboya alizaliwa Agosti 15, 1930 huko Kilimambogo, kwenye shamba la mkonge ambako baba yake, mtu wa kisiwa cha Rusinga, alikuwa ameajiriwa. Alisomea Ukambani, kisha Yala, kisha Mang'u, na akakua akisikia lugha za watu wengi. Mwaka 1951 aliajiriwa na baraza la jiji la Nairobi kama mkaguzi wa afya. Ndiyo, kanjo. Kazi yake ilikuwa usafi, ile kazi ambayo leo mwanasiasa huifanya dakika kumi kwa ajili ya picha. Na aliifanya kwa mshahara mdogo kuliko wa Mzungu wa kazi ileile.

Kuna kisa alichokisimulia mwenyewe katika kitabu chake Freedom and After cha 1963. Siku moja akiwa peke yake ofisini, mwanamke Mzungu aliingia, akatazama huku na huku, akauliza kama hakuna mtu pale. Mboya alikuwa amesimama mbele yake. Akamuuliza kama macho yake yana kasoro.

Kisa hicho kinafafanua ujumuishaji kuliko hotuba ya saa mbili. Mtu yuko pale, anafanya kazi, analipa kodi, lakini aliye na nguvu akitazama chumba anaona hakuna mtu.

Sasa weka kisa hicho pembeni kidogo tukumbuke hali ya Nairobi wakati ule. Chama cha KAU kilipigwa marufuku 1953. Aprili 1954, serikali ya kikoloni ikafanya Operesheni Anvil: mitaa ya Waafrika ilizingirwa, maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakapakiwa kwenye malori na kupelekwa vizuizini. Vyama vya siasa vikiwa vimefungwa mdomo, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, lililoongozwa na Mboya, lilikuwa miongoni mwa sauti chache zilizobaki za kulalamikia namna watu hao walivyotendewa. Mluo akilalamikia masaibu ya Mkikuyu, wakati ambapo kunyamaza kulikuwa salama zaidi.

Kwa hivyo watu wa Eastlands walipopata kura 1961, hawakuwa wanamkaribisha mgeni aliyekuja na sukari. Walikuwa wanamjua.

Jambo la pili ni namna alivyojipanga. Kuanzia 1955 serikali iliruhusu Waafrika kuunda vyama vya wilaya pekee. Hila hiyo ilifanya kazi vizuri mno: kwa kuwa wilaya nyingi zilikuwa za kabila moja, vyama vingi vikawa vya kabila moja, na bado tunalipa deni hilo. Nairobi ilikuwa tofauti. Hapa wilaya yenyewe ilikuwa mchanganyiko. Chama cha People's Convention Party cha Mboya, kilichojengwa kwa matawi mitaani, hakingeweza kufika popote kwa lugha ya nyumbani kwa mtu mmoja. Ilibidi kizungumzie mshahara, nyumba, pasi na uhuru, maana hayo ndiyo yaliyomuuma kila mtu kwenye foleni moja ya maji.

Njiru ya leo iko hivyo hivyo. Kwenye ploti moja ya vyumba 16 kuna watu wa kaunti kumi. Mwanasiasa anayekuja kukutafuta kama "watu wetu" hajaujua mtaa, ama anaujua na ameamua kuugawa. Historia ya kiti chetu inasema vivyo hivyo. Kasarani, ambamo wadi ya Njiru imo, ilitokana na kiti cha Nairobi Kaskazini Mashariki, kilichokuja kuitwa Mathare. Na nani alikuwa mbunge wa Nairobi Kaskazini Mashariki kuanzia 1963? Dkt Munyua Waiyaki, yule yule aliyeshindwa na Mboya miaka miwili mbele. Baadaye Kasarani ilimchagua Elizabeth Ongoro 2007, Mercy Gakuya 2017 na mgombea huru Ronald Karauri 2022. Hapa si shamba la mtu. Anayekwambia kura za huku zina mwenyewe anakudanganya, buda.

Lakini tusimgeuze Mboya malaika, maana fundisho lenyewe litapotea.

Mwaka 1959 alisaidia kupeleka wanafunzi 81 Marekani kwa ndege moja, kwa michango ya watu kama Jackie Robinson na Harry Belafonte. Kufikia 1963 waliofaidika na mpango huo walikuwa karibu 800, Wangari Maathai akiwa mmoja wao. Hiyo ilikuwa kampeni ya jamii iliyoacha kitu. Hata hivyo, mwaka 1965 alikuwa kinara wa Waraka Nambari 10, uliosema pesa za maendeleo ziende kwanza mahali zitakapozaa haraka: penye mvua, udongo mzuri na barabara. Kwa karatasi ilionekana hesabu safi. Kwa watu wa Turkana, Wajir na Mandera ilimaanisha ngojeni. Walingoja sana. Katiba ya 2010 ililazimika kuunda Hazina ya Usawazishaji, Kifungu cha 204, kujaribu kuziba pengo ambalo sera kama hizo zililipanua.

Kwa hivyo mtu anaweza kuwa na moyo mpana, akashinda kura za kila kabila, na bado akaacha watu nje kwa sababu hawakuwa chumbani mpango ulipoandikwa. Hapo ndipo tunataka umbane mheshimiwa.

Tazama jinsi mambo yanavyoendeshwa kwetu. Kikao cha kutoa maoni huitishwa Jumanne saa nne asubuhi. Mama mboga ametoka Marikiti na yuko kibandani. Fundi yuko mjengo, kijana wa machimbo ya mawe yuko shimoni, wa zamu ya usiku amelala. Ukumbi uko ghorofa ya pili, hakuna lifti, na anayetumia kiti cha magurudumu anabaki chini. Hakuna mkalimani wa lugha ya ishara. Wapangaji wanahisi ni mambo ya wenye ploti. Kisha mtu anasimama mbele, anatazama ukumbi, anaandika kwamba jamii imeshirikishwa. Ni yule mwanamke wa ofisini tena, ila safari hii amevaa kofia ya chama.

Na taa, lami na mtaro hufuata mahali panapoonekana: karibu na stage, kando ya Barabara ya Kangundo. Ndani ndani, kwenye udongo mweusi unaovimba na kumeza viatu, utaambiwa pesa zimeisha. Waraka Nambari 10, toleo la mtaa.

Sasa wewe ufanye nini? Kulalamika kwenye base ni haki yako, lakini hakusogezi bajeti hata shilingi.

Kwanza, zijue tarehe. Mpango wa maendeleo wa kila mwaka wa kaunti hupelekwa bungeni kufikia Septemba 1. Taarifa ya mikakati ya fedha hufika kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Ukienda kudai barabara mwezi Juni, umechelewa. Pesa zilishapata mwenyewe. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalilazimu bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi. Dai kikao cha jioni au Jumapili alasiri, mahali pasipo ngazi, na dai kumbukumbu zake.

Pili, uliza kwa maandishi. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kukujibu. Uliza mradi fulani ulitengewa ngapi, nani alipewa kandarasi na umefikia wapi. Barua ya watu kumi kutoka ploti kumi ina nguvu kuliko video moja ya hasira.

Tatu, jiandikishe. Mwaka 2022 kulikuwa na wapiga kura 22,120,458 waliosajiliwa, na vijana wa miaka 18 hadi 35 walikuwa asilimia 39.84 tu, idadi yao ikiwa imeshuka ikilinganishwa na 2017. Juni 2024 kizazi chako kilijaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha, bila kiongozi na bila kabila, na mswada ukaondolewa. Wengine hawakurudi nyumbani. Kukaa bila kadi ya kura baada ya hayo ni kuwaachia wengine waamue.

Limebaki neno la tatu: turathi. Wanasiasa wetu wakisema turathi hufikiria mgwisho, ngozi na wazee wa kubariki jukwaa, kila kabila na hema lake. Mila za kwetu tunaziheshimu. Lakini Eastlands nayo ina turathi yake, na hii ndiyo ya sote. Ni Ukumbi wa Kaloleni ambako siasa za uhuru zilipikwa. Ni Ziwani ambako Mboya aliishi. Ni Dandora ya miaka ya 1990, ambako vijana wa Kalamashaka walichukua Kiswahili na Sheng wakaufanya muziki wa rap uzungumze habari za mtaa. Ni mawe ya Njiru yaliyochongwa kwa mikono na kujenga nyumba za watu ambao hawajui Njiru iko wapi. Hata jina lenyewe, neno la Kikuyu lenye maana ya nyeusi, ni swali zuri la kumuuliza mzee jirani kabla hajaondoka.

Turathi hii haina mlinzi. Mtaa wa zamani wa Pangani ulibomolewa kupisha magorofa, na mitaa mingine mikongwe iko kwenye orodha. Nyumba mpya zinahitajika, hilo hatubishi. Lakini nyumba ikiangushwa kabla hadithi yake haijaandikwa, inayofuata haina mizizi. Una simu mkononi. Mrekodi nyanya aliyehamia hapa kabla ya lami. Muulize nani alichimba kisima cha kwanza, nani aliazima uwanja ukawa shule. Halafu mheshimiwa akija na hotuba ya turathi, mwonyeshe orodha, umuulize ni kipi kati ya hivi atakilinda.

Mboya aliuawa kwa risasi Julai 5, 1969 katikati ya jiji, barabara ambayo leo ni Moi Avenue. Alikuwa na miaka 38. Baada ya kifo chake siasa za nchi ziligawanyika kikabila kwa ukali, kana kwamba ile kura ya 1961 haikuwahi kupigwa. Sanamu yake, iliyozinduliwa 2011, iko hatua chache kutoka pale alipoanguka. Pengine umewahi kumwambia mtu mkutane hapo kabla ya kupanda mathree ya kurudi Njiru.

Kampeni zitakapopamba moto, fulana chukua ukitaka, hata ya kulalia inafaa. Ila kabla ya kupiga makofi, geuka utazame ukumbi. Hesabu nani hayuko. Kisha inua mkono, uwataje mmoja mmoja, umuulize mheshimiwa atawafikia lini.