Kidole Kilichoganda Hakisuguliwi

"Sugua mpaka damu irudi." Ushauri huu ni mkongwe. Aliyeupa heshima ni Larrey, daktari mpasuaji wa jeshi la Napoleon, aliyewaona askari wakiganda Urusi mwaka 1812. Walikimbilia moto, ngozi isiyohisi kitu ikaungua, naye akaona afadhali kusugua kwa theluji. Kuhusu moto alikuwa sahihi. Kuhusu kusugua alipotosha watu kwa zaidi ya karne moja, kwani nyama iliyoganda ina chembe za barafu ndani, na kuisugua ni kuichana.

"Basi tuwashe jiko hemani." Larrey alishalijibu hilo: mkono uliokufa ganzi hausemi "inatosha". Maji ya vuguvugu, nyuzi 37 hadi 39, hukizunguka kidole pande zote kwa joto moja bila kukiunguza. Kipimajoto kikikosekana, mwenye mikono mizima apime kwa kiwiko, kama anayetaka kumwogesha mtoto mchanga. Majeruhi asipime mwenyewe. Beseni liwe kubwa, vidole visiguse kingo. Maji yakipoa, toa mkono kwanza, ongeza ya moto, koroga, pima tena. Baada ya nusu saa hivi ngozi hulainika na kuwa nyekundu au zambarau.

"Akilia, mtoe." Atalia, maana damu inarudi. Mpe ibuprofeni mapema, kama hana sababu ya kuikwepa, na umwache humo humo.

"Yeyusha papo hapo." Hili husemwa kwa nia njema kabisa, na ndilo linalonitia hofu. Chukua Kambi ya Barafu, Kilimanjaro, zaidi ya mita 4,600, mtu karudi kutoka kileleni na vidole vya miguu vyeupe, vigumu kama nta. Ukiviyeyusha hapo, mguu utavimba, buti halitaingia, na aliyekuwa akitembea atabebwa na wagumu, yaani wapagazi. Vikiganda tena njiani, hasara ya pili huipita ya kwanza. Ni heri ashuke kwa miguu yake, ilivyoganda, hadi mahali ambapo haitaganda tena. Ikianza kuyeyuka yenyewe njiani, msiizuie. Ilindeni tu na baridi.

"Kidole kikiwa cheusi, kikatwe upesi." Upesi wa nini? Pasipo maambukizi, mpaka wa nyama hai na iliyokufa huchukua wiki, hata miezi, kujionyesha, na anayekata mapema huenda akakata kilichokuwa kinapona. Haraka iko kwingine. Kwa majeraha makubwa zipo dawa za kuyeyusha damu iliyoganda mishipani, na hizo hutolewa ndani ya saa 24 tangu kiungo kiyeyushwe. Iloprosti, inayotanua mishipa, iliidhinishwa Marekani kwa kazi hii Februari 2024. Kwa hiyo mguu ukitoka kwenye beseni, andika saa, daktari ataihitaji.