Fundi, Usinikate Kiunoni

Leo nataka tuzungumze habari ya nguo, na nitaanza na kosa langu mwenyewe, maana pasipo kosa hilo nisingalishika kalamu.

Kazi yangu ni kuandika daftari za parokia: ubatizo, ndoa na maziko. Asubuhi moja alikuja mama mmoja wa hapa Chekereni kuchukua cheti cha ubatizo cha binti yake wa kwanza, aliyekuwa karibu kuolewa. Mama yule alikuwa amevaa gauni jipya la kitenge, sare ya sherehe ya kumuaga binti, limekatwa kiunoni na kutiwa marinda mengi. Alilivaa siku ile kulijaribu. Mimi kwa furaha ya kijinga nikamwambia, "Hongera, mama! Na huyu wa tumboni tumwandike mwezi gani?"

Akanitazama. Kisha akasema taratibu, "Mwalimu, hakuna mtoto. Ni mwili tu." (Watu huniita mwalimu kwa sababu nilisoma chuo cha ualimu, ingawa chaki niliiacha zamani.) Akachukua cheti chake, akaenda zake.

Jumapili iliyofuata nilimwona amejitanda khanga mbili juu ya gauni, na joto la huku tambarare mwalijua lilivyo. Jumapili ya pili sikumwona. Jirani zake wakaniambia kwamba amekwisha sema hatakaa mbele na binti yake siku ya kumuaga. Atakaa jikoni na masufuria, wengine wakae mbele. Basi moyo ukaniuma. Nikatia mkasi na futi kamba mkobani, nikaenda kwake kuomba radhi.

Mwili wa mama yule si wa ajabu, wengi wetu tunao. Kifua kimejaa, tumbo limetangulia, kiuno hakionekani, lakini shingo ni nzuri, mikono mizuri, na miguu ni myembamba kama ya msichana. Wajuzi wa mitindo ng'ambo huufananisha mwili huu na tunda la tufaha. Ule ulionona chini huufananisha na pea. Sisi wa Kilimanjaro tungesema parachichi na kila mtu angeelewa. Mwili wa tufaha si dalili ya uvivu. Wengine ndiyo asili yao. Wengine wamezaa mara kadhaa na misuli ya tumbo imeachana. Tena hedhi ikikoma, mafuta yaliyokuwa yakikaa mapajani hupenda kuhamia tumboni, hata kwa mama anayeinama kutwa nzima katika majaruba ya mpunga.

Neno moja la afya, nami nitaliacha. Waganga husema kiuno cha mwanamke kikipita sentimeta 88, yaani karibu inchi 35, hatari ya kisukari na maradhi ya moyo huzidi. Hilo kazungumze na mganga. Na tumbo linalokua upesi huku uso na mikono vinakonda, au tumbo linalouma, usilitafutie mshono. Nenda hospitali kwanza.

Sasa turudi kwenye gauni. Kosa la fundi lilikuwa kukata kiunoni. Mwenye tumbo hana kiuno mahali pale fundi anapokitafuta. Ukitia mpira au mkanda hapo, umeugawa mwili vipande viwili, na kipande cha chini chaanza na tumbo. Mahali pembamba pa mwili huu ni chini ya kifua, pale sidiria inapokaa. Mshono uwe hapo. Wala si jambo jipya: Ufaransa, wakati wa Napoleon aliyevikwa taji mwaka 1804, mkewe Josephine na mabibi wa ikulu walivaa magauni yaliyokatwa hapo hapo.

Lakini mna mtego. Ukikata chini ya kifua kisha ukajaza marinda mbele, umeshona nguo ya mjamzito hasa, na karani mjinga mwingine atakuuliza swali lile lile. Mbele pawe laini bila marinda. Upana uongezwe ubavuni, kidogo kidogo kuelekea chini, nguo ipite juu ya tumbo bila kulishika. Shingo ikatwe kwa umbo la V, jicho la mtu lipande usoni. Pindo liishie chini kidogo ya goti. Miguu mizuri yafichwa ya nini?

Kuna na wale wanaokimbilia nguo kubwa kama gunia, wakidhani wamejificha. Dera sina ugomvi nalo; nyumbani wakati wa joto hakuna nguo ya kulishinda. Lakini kitambaa kikianguka toka kifuani moja kwa moja hadi chini bila kuguswa popote, mwili wote waonekana mpana kama pale palipo papana zaidi. Nguo ikae sawa mabegani kwanza. Fundi wengi hupima tumbo, kisha hukata mabega kwa kipimo hicho hicho cha ukubwa, ndipo shingo inapoanguka na makwapa kuning'inia. Mabega yako hayakunenepa pamoja na tumbo.

Na habari ya kupima: simama wima, pumua kama kawaida, usivute tumbo ndani. Ukimdanganya fundi umejidanganya mwenyewe. Mwambie apime kifua, chini ya kifua, tumbo mahali palipojaa, na nyonga. Kisha, na hili wengi hulisahau, apime urefu mara mbili: toka begani kupitia mbele juu ya tumbo hadi gotini, na toka begani kupitia mgongoni. Vipimo hivi havilingani. Tumbo hunyanyua nguo, ndiyo maana magauni yetu mengi ni mafupi mbele na marefu nyuma, nasi twadhani yameingia maji. Fundi aongeze urefu mbele kwa tofauti ile ile, inchi moja au mbili, pindo litalala sawa.

Kitambaa chenyewe ukifue kabla ya kukatwa, kwa maana pamba hurudi, na kitenge kipya chenye wanga husimama kama kadibodi. Huku kwetu pamba ni bora kuliko nailoni, ambayo hunata jasho na kuonyesha kila mkunjo. Chini yake vaa shimizi ya pamba, gauni liteleze. Kisha kitandaze kitenge mezani, utazame maua au duara kubwa litaangukia wapi. Nimeona kitenge cha jubilei chenye picha ya mtu wa heshima, na fundi akamweka yule mheshimiwa katikati ya tumbo kabisa! Kila mama akivuta pumzi, naye anavimba mashavu. Picha kubwa ipande kifuani au ishuke kwenye pindo.

Khanga nayo: fundo likifungwa mbele, juu ya tumbo, laongeza tumbo jingine. Lifunge ubavuni, chini ya mkono.

Mwenye kununua mitumba, Memorial mjini Moshi au Kiboriloni, na atazame mabega kwanza, tena achague gauni lililopanuka chini lenyewe. La kubana tumboni usilichukue kwa matumaini ya kuongezewa, kwa kuwa nguo nyingi za mitumba hazina akiba ya kitambaa ndani ya mshono. Koti jepesi refu, lisilofungwa vifungo, ni rafiki mwema wa mwenye tumbo.

Hata hivyo jambo linaloniudhi zaidi ni sare zetu. Kamati ya harusi huchagua kitenge, ambalo ni jambo zuri. Kisha humwonyesha fundi picha kwenye simu, ya msichana mwembamba wa Dar es Salaam, na kuamuru wote washonewe hivyo: mama mzazi, shangazi, bibi wa miaka sabini. Nimeuliza sababu nikaambiwa, "Ili tufanane." Jamani, kitambaa kimekwisha kutufananisha! Ndivyo ilivyo hata katika vikundi vyetu vya kanisa. Mwenyekiti amwambie fundi: rangi moja, kitambaa kimoja, kila mtu akatwe kwa mwili wake. Na kwa kuwa mchango wa kitambaa ni sawa kwa wote, wale wembamba wanaobakiwa na vipande wasivifanye vitambaa vya meza. Wawape wenzao.

Ndivyo tulivyofanya kwa mama yule. Nilipofika alikuwa akianua mpunga uani. Nikamwambia, "Mama, nimekuja kuomba radhi. Nilisema neno lisilo langu." Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Mdogo wangu, tangu mimba iliyoharibika miaka minne iliyopita, watu wananiuliza. Wewe hukuwa wa kwanza." Sikuwa na jibu. Tukaketi mkekani.

Tulifumua mshono wa kiunoni, tukaondoa marinda yote. Akiba ya ubavuni ilikuwa nusu inchi tu, haikutosha. Binti akaleta mabaki ya kitenge chake, tukatia kipande kirefu kila upande, toka kwapani hadi pindoni, na kwa maua yale mtu hawezi kuona kilipoungwa. Shingo tukaishusha. Mbele tulikuwa na upungufu wa inchi moja na nusu, tukashona ukanda wa kitambaa hicho hicho pindoni kuzunguka pote. Cherehani ya jirani ilikata uzi mara sita, nami nikaikasirikia kuliko inavyompasa mtu wa ofisi ya parokia.

Siku ya kumuaga binti, mama alikaa mbele. Ndafu ilipoingia, binti alikata nyama, akamlisha mama yake kwanza, na mama akasimama mbele ya watu wote kuipokea, bila khanga. Shangazi mmoja akaniuliza gauni lile limeshonwa na fundi gani wa mjini. Mimi sikumjibu sawasawa, kwa kuwa nilikuwa nimejitolea kwenda jikoni mahali pa mama yule, na wali ulikuwa karibu kuungua.

Karani, Chekereni