Kichezeo Chenye Bwana

Kichezeo kilikuwa mali ya mtoto. Sasa mtoto ndiye amekuwa mali ya kichezeo. Nasema hivyo nikiwatazama watoto wetu wa hapa Mgogoni siku za sikukuu, na visenti vyao mkononi mbele ya wauza vichezeo. Hawaulizi tena, "Hiki kinafanya nini?" Huuliza, "Huyu ni nani?"

Gari la kopo lenye magurudumu ya ndara kuukuu halikuwa na jina. Leo lilikuwa gari ya abiria ya Wete, kesho lori la karafuu, na aliyeamua ni mtoto. Kititia cha ukuti hakikumwambia mtu nani shujaa na nani adui.

Wenye viwanda hawakuona faida kwa mtoto anayejitungia mwenyewe. Mwaka 1969 Mattel ya Marekani ilipoonyesha katuni ya magari yake ya Hot Wheels, mamlaka ya utangazaji ya huko ilikubali kwamba ndani yake mlikuwa na tangazo la biashara. Lakini mwaka 1984 mamlaka hiyo hiyo iliondoa mipaka ya matangazo katika vipindi vya watoto. He-Man alikwisha tangulia mwaka 1983. Transformers, vichezeo vilivyotoka Japani, vikapewa majina na ugomvi huko Marekani mwaka 1984. Hadithi ikawa dalali. Mwaka 2023 filamu ya Barbie, mwanasesere aliyeanza kuuzwa mwaka 1959, ilichuma zaidi ya dola bilioni 1.

Mtaniambia kwamba vingi vinavyofika kwetu ni vya kuiga, na mwenye jina hapati hata senti. Sawa, lakini hasara ya mwenye jina si salama ya mtoto. Sanamu ya kuiga humfunga kwa hadithi ile ile. Kesho atataka fulana, keshokutwa mkoba, vyote vyenye sura ile ile.

Silaumu plastiki wala ugeni. Mpira nao ulitoka nje, na haumwamrishi mtu. Nawalaumu wazazi tunaonunua mchezo uliokwisha chezwa na wengine. Mpe mwanao kitu kisicho na jina, kisha umwulize kinaitwaje. Akikosa la kusema, ujue tunachelewa. Akisema, kaa chini umsikilize.