Wazazi Wamekwenda Wapi?



Mwezi wa Septemba ukifika katika mji wetu wa Lubumbashi, vumbi jekundu hutanda njiani, miti ya jakaranda hujitayarisha kutoa maua, na asubuhi na mapema njia za Katuba, Kenya, Kamalondo na Rwashi hujaa mashati meupe na sketi na kaptula za buluu. Mgeni akiyaona makundi hayo husema moyoni mwake: Hakika watu hawa wapenda elimu. Naye hakosei. Lakini mgeni huyohuyo na arudi siku ile direkta aliyoitisha mkutano wa wazazi. Atawakuta watoto wengi hata hukaa wanne katika dawati la wawili, na wazazi wao wakikusanyika wote hawajazi madawati matatu.

Juma hili basi tuulizane jambo hili bila hasira: wazazi wamekwenda wapi?

Nazungumza hasa juu ya shule za msingi zilizo chini ya parokia zetu. Kila mtu azijua. Uongozi wake ni wa Kanisa, mshahara wa walimu ni wa Serikali, na watoto ni wa watu wote, Wakatoliki, Wametodisti, Wagarenganze na Waislamu pamoja. Kabla ya mwaka 2019 mikutano ya shule hizi ilikuwa na watu na kelele. Direkta aliingia chumbani akijua kwamba ataulizwa, na mara nyingine alitoka akifuta jasho. Sababu yake ilikuwa wazi: mzazi alilipa. Mwenye kutoa faranga zake hutaka kujua zimekwenda wapi.

Desturi hiyo ya kulipa haikutoka kwa wakoloni. Ilizaliwa katika taabu. Wengi wenu mwakumbuka mwaka wa shule 1991-1992, jinsi mishahara ya walimu ilivyoliwa na kupanda kwa bei hata mshahara wa mwezi haukutosha gunia la unga, jinsi walimu walivyogoma, na jinsi watoto walivyokaa nyumbani. Hapo ndipo wazazi na wakubwa wa shule walipopatana kwamba mzazi ampe mwalimu pesa ya kumtia moyo. Ilisemwa kuwa ni ya muda mfupi. Ikakaa karibu miaka thelathini. Watoto wangapi walifukuzwa darasani kwa sababu ya pesa hiyo, wakirudi nyumbani saa mbili asubuhi na mikoba mgongoni! Sheria Kuu ya nchi, iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006, yasema katika kifungu cha 43 kwamba elimu ya msingi ni ya lazima na ni ya bure katika shule za umma. Maneno hayo yalingoja miaka kumi na mitatu. Mwezi wa Septemba 2019 tu ndipo Serikali ilipoanza kuyatimiza nchini mote.

Mtu asiniambie kwamba napigana na shule ya bure. Mimi ni mwalimu, nami naona kila siku msichana aliyekuwa akiuza mikate kando ya njia sasa akisoma saa kwa dakika zake na kuandika jina lake bila kosa. Hakuna hesabu ya pesa iwezayo kushindana na jambo hilo. Lakini pamoja na minervali, kitu kingine kimeondoka, nacho ni neno la mzazi. Ukimwita mkutanoni hujibu: Serikali imesema ni bure, mimi nitakwenda kufanya nini?

Tumjibu. Kwanza, tutazame nyuma kidogo. Wabenedikto walifika Katanga mwaka 1910, Wasalesiani wakawafuata mwaka 1911, wakafungua shule. Baadaye Union Minière ilikuwa na shule katika makambi yake, na mapadri wakifundisha humo. Wazee wetu walisoma vizuri, hatukatai. Lakini mzazi wa siku zile aliitwa shuleni aambiwe, si aulizwe. Mwaka 1954 waziri wa Ubelgiji, Buisseret, alianza kufungua shule za Serikali zisizo za dini kwa ajili ya Waafrika, na ugomvi mkubwa ukatokea kati yake na Misioni. Wakubwa waligombana juu ya vichwa vya watoto wetu. Mwisho wa mwaka 1974 Mobutu alizitwaa shule zote za makanisa. Tarehe 26 Februari 1977 mkataba ukatiwa sahihi, makanisa yakarudishiwa uongozi. Katika safari hiyo yote, nani alimwuliza baba wa Katuba au mama wa Kenya anataka nini kwa mtoto wake? Mzazi aliulizwa kweli siku ile pesa zilipokwisha. Komite ya wazazi yenye nguvu kama tulivyoijua ni mmea mchanga, uliomea katika ufukara. Je, tuuache ukauke kwa kuwa mzigo umepungua?

Pili, tuseme wazi maana ya bure. Mzazi halipi tena minervali wala pesa ya kumtia mwalimu moyo. Hata hivyo sare, madaftari, kalamu na chakula vyabaki juu yake. Serikali yachukua mshahara wa mwalimu pamoja na fungu la kuendesha shule, yaani chaki, karatasi na matengenezo madogo. Basi, fungu hilo limefika au halijafika? Limenunua nini? Hilo ndilo swali la mkutano. Kila shule yatakiwa kuwa na komite ya wazazi, tena na baraza la uendeshaji ambamo wazazi wana kiti chao. Kiti kisichokaliwa hakiulizi kitu.

Kuna habari nyingine isemwayo kwa sauti ya chini. Katika shule zetu wamo walimu ambao majina yao hayajaingia katika orodha ya mshahara ya Serikali. Huitwa walimu wapya, hata kama wamefundisha miaka mingi. Zamani waliishi kwa pesa za wazazi. Pesa hizo zilipokatazwa, wao hawakupata badala yake. Mwalimu wa namna hiyo husimama mbele ya watoto zaidi ya themanini akiwa hajui jioni atapata wapi bukari. Mara unasikia mtoto ametumwa nyumbani kudai pesa ya karatasi ya mtihani, au pesa ya masomo ya jioni. Mama mmoja analipa kimya, mwingine analipa kimya, na kila mmoja hudhani ni yeye peke yake. Pesa iliyofukuzwa mlangoni huingia dirishani. Sitamtukana mwalimu mwenye njaa. Lakini mambo haya, yakisemwa mkutanoni mchana kweupe, yatajulikana kama ni halali au si halali, na mwalimu naye atapata watu wa kumsemea. Yakifichwa, mwenye kuumia ni mtoto wa maskini, ambaye shule ya bure ilifunguliwa kwa ajili yake.

Mwakumbuka mwezi wa Oktoba 2021, walimu walipogoma na shule nyingi za Kikatoliki zikanyamaza. Wanafunzi wa Kinshasa walikwenda kwa miguu hadi jumba la Bunge, wakidai walimu wao warudishwe. Watoto wenye sare, mbele ya wabunge! Wengine waliwasifu, wengine waliwakemea. Mimi nilijiuliza tu kwa nini mtoto wa miaka kumi na miwili ndiye aliyelazimika kwenda kuuliza.

Lakini nisiwabebeshe wazazi kosa lote. Wakubwa wa shule nao wana sehemu yao. Mkutano huwekwa Jumatano saa nne asubuhi. Saa hiyo mama yuko sokoni, na akiondoka mezani pake hakuna atakayeuza samaki wake. Baba amekwenda kuchimba upande wa Kolwezi, kama kilomita 300 kutoka hapa, naye hurudi mwisho wa mwezi, akirudi. Mwezi wa Novemba mvua ikianza, nusu ya mtaa iko shambani kupanda mahindi. Tena barua ya mwaliko huandikwa kwa Kifaransa kigumu, na nyumbani mwenye kulea watoto ni kambo, ambaye hakukaa darasani hata siku moja. Mtoto ndiye humfasiria barua, na mtoto aliyefanya makosa hufasiri apendavyo. Siku hizi madirekta wengine hutegemea vikundi vya WhatsApp. Ni vizuri kwa kutangaza, lakini kambo hana simu ya namna hiyo, na katika vikundi hivyo nimeona manung'uniko mengi kuliko mashauri.

Shule moja ya Katuba, ambayo sitaitaja jina, ilijaribu njia nyingine. Mkutano uliwekwa siku ya Jumapili saa nane mchana. Ulitangazwa kwa Kiswahili baada ya Misa, na direkta aliwaendea yeye mwenyewe wachungaji wa Kiprotestanti na imamu wa mtaa, akawaomba watangaze pia. Watu hawakujaa, lakini chumba hakikuwa kitupu. Kwanza walizungushwa kuiona shule yote. Huko nyuma, mama mmoja alisimama mbele ya choo cha wasichana. Hakikuwa na mlango. Akauliza: Binti zetu wakubwa wa darasa la sita wanajisitiri namna gani? Wanaume walitazama chini. Direkta alieleza kwamba fungu la kuendesha shule lilikuwa halijafika. Baba mmoja seremala akasema mbao anazo, akaomba mtu wa kuleta bawaba. Jumamosi iliyofuata mlango ulikuwa mahali pake, na wasichana wawili waliokuwa wakitoroka kwenda nyumbani kila saa ya mapumziko wakaacha kutoroka.

Watu wengine walimlaumu seremala huyo, wakisema amefanya kazi ya Serikali. Alijibu kwamba mlango ni wake na deni ni la Serikali, nalo bado analidai. Naliona jibu hilo kuwa zuri, kwa sababu mkutano haukuishia kwenye mbao. Wazazi walihesabu walimu wasio na mshahara, wakaandika barua kwa ofisi ya elimu ya eneo lao, wakatia sahihi. Wasiojua kuandika walitia kidole. Tena walikubaliana kwamba mtoto yeyote atakayetumwa kudai pesa, mzazi asilipe kwanza, bali aende kwa komite kuuliza ni pesa gani. Mwalimu mmoja alinung'unika. Mwingine, ambaye jina lake lilikuwa katika barua ile, alibaki nyuma kuwasaidia kuinakili mara mbili, nakala moja ya parokia na nyingine ya komite.

Jibu la barua halijafika. Nakala imebandikwa katika ukuta wa ofisi ya direkta, mahali pa kuonekana, na wazazi wameweka mkutano mwingine Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, saa nane mchana, ili waisome tena. Seremala ameombwa apime na madirisha.